Soko la usiku ufukweni: uliza barafu kabla ya kuangalia moto

Samaki aliyeniangusha hakunigusa tumbo. Nilikuwa safarini, siku ya kwanza katika mji mdogo wa ufukweni. Jua lilipozama nilifuata moshi mpaka soko la usiku, nikanunua mishikaki ya jodari. Ilikuwa inafuka, imeiva hadi ndani, na jiko lilikuwa safi kuliko la kwangu nyumbani. Kitu kimoja tu: ulimi uliwasha kidogo, kama nimetafuna pilipili manga. Nikadhani ni viungo. Kabla sijamaliza kuzunguka meza za wauza shanga, uso ulikuwa unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Kazi yangu ni usalama wa chakula. Nilijua mara moja kilichonipata, na aibu ikazidi maumivu.

Ilikuwa histamini. Jodari, vibua, nguru, fulusi na dagaa wa baharini wana histidini nyingi katika nyama yao, kitu cha kawaida kabisa kisicho na madhara. Samaki akishakufa na kuachwa kwenye joto, bakteria waliokuwa kwenye mashavu na matumbo yake huingia kwenye nyama na kuigeuza histidini hiyo kuwa histamini, kemikali ileile ambayo mwili huitoa mtu anapopatwa na mzio. Ndiyo maana wapo wanaorudi kutoka likizo wakiapa kwamba samaki wanawadhuru, kumbe mwili wao hauna ugomvi na samaki. Ugomvi ni na zile saa ambazo samaki yule alilala kwenye sakafu ya mashua bila barafu.

Histamini haiogopi moto. Choma, kaanga, chemsha, gandisha, itabaki palepale. Bakteria watakufa, lakini walichokwisha kutengeneza utakila. Na samaki mwenyewe huenda hanuki wala hana sura mbaya. Huo muwasho wa pilipili ulimini ukiusikia, tema, usiendelee kwa kuona haya. Kwa kawaida hali hupita ndani ya siku moja na dawa za mzio husaidia, lakini kifua kikibana au pumzi ikiwa nzito, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Sisemi moto hauna kazi. Mwaka 1950 huko Osaka, Japani, dagaa wadogo waliwatia watu 272 ugonjwani na 20 wakafa. Katika kuchunguza mkasa huo, Tsunesaburo Fujino akamgundua bakteria wa maji ya chumvi ambaye leo anaitwa Vibrio parahaemolyticus. Huyu anaishi baharini kwa asili yake, hupenda maji ya uvuguvugu, na akipata joto linalomfaa idadi yake huongezeka maradufu kwa dakika 10 hivi. Ila moto anauogopa: joto la nyuzi 70 likifika katikati ya kipande, habari yake imekwisha. Kwa hiyo kwa ngisi na kamba naangalia moto. Kwa jodari na ndugu zake naangalia barafu kwanza.

Na barafu ina uongo wake. Ile inayotandazwa mezani nyembamba, samaki wamelazwa juu yake kama maua, ni pambo. Upande wa chini unapoa, wa juu unapigwa na joto la majiko jioni nzima. Samaki anatakiwa azikwe kwenye barafu, abaki chini ya nyuzi 4. Taa nazo huongopa: balbu nyekundu na za njano humfanya hata samaki wa juzi aonekane ana mashavu mekundu. Mimi huwasha tochi ya simu. Macho yawe yametuna na kung'aa, na nyama ukiibonyeza irudi. Muuzaji akikasirika, jibu umeshalipata.

Mishikaki haina macho wala mashavu, na hapo ndipo nilipokosea. Siku hizi nauliza tu, "Samaki mwenyewe yuko wapi?" Mwenye boksi la barafu hufungua kifuniko kwa fahari. Asiye nalo huapa kwamba ni wa leo hii hii.

Mwezi nao hunisaidia. Wavuvi wanaovua kwa taa hutegemea giza, na mwezi ukiwa mpevu dagaa na vibua hupungua nyavuni. Nikiona meza imejaa vibua kwenye usiku wa mbalamwezi, nauliza maswali zaidi. Vivyo hivyo bahari ikiwa imechafuka siku mbili tatu.

Kuna pia mtindo wa kuchoma nusu jioni na kumalizia mteja akija. Kipande kilichopashwa nusu kikikaa pembeni ya jiko kiko kati ya nyuzi 5 na 60, yaani pale ambapo bakteria hustawi, na zaidi ya saa 2 hapo sikigusi. Heri kuwahi, mkaa ungali mkali, usubiri kipande kibichi kiwekwe motoni mbele yako.

Chaza wabichi siwali sokoni kabisa, kwa sababu huchuja maji wanamoishi na kubaki na uchafu wake. Vilevile chewa mkubwa na mzia waliovuliwa kwenye matumbawe: baadhi hubeba sumu inayoanzia kwa vijimea vidogo vya baharini, haina harufu wala ladha, na moto hauiondoi. Barafu ya kwenye glasi ni salama kadiri ya maji iliyotengenezwa nayo, kwani kuganda hakuui vijidudu vyote.

Usiku wa pili nilirudi sokoni, uso umetulia. Mwisho wa safu alikuwapo mama mmoja mwenye meza ndogo isiyo na taa za rangi. Nikamuuliza swali langu. Hakujibu neno, alifunua boksi, akazamisha mkono kwenye barafu mpaka kiwiko, akamnyanyua nguru mzima, macho yaking'aa kwenye tochi yangu.

"Nikukatie wapi?"

Nikamwonyesha karibu na mkia.