Sanduku la Barafu la Kujitengenezea kwa Safari za Uvuvi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mkaazi wa Nairobi anayependa kuvua samaki hana budi kusafiri. Naivasha iko umbali wa kilomita 90 hivi, bwawa la Masinga liko mbali zaidi, na vijito vya trauti vya Aberdare vina barabara zake za kuchosha. Kokote aendako, samaki atarudi nyuma ya gari, na huenda akakwama kwenye msongamano wa magari jioni kabla ya kufika jikoni. Masanduku ya barafu yanayoagizwa kutoka nje ni ghali, ndiyo maana wengi hununua plaiwudi Gikomba, hukusanya mabamba ya stairofomu, humwendea fundi wa Kamukunji akawakunjia bati, kisha hujiundia sanduku lao wenyewe. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, kwa kuwa sanduku la nyumbani lililoundwa kwa makini hufanya kazi yake vizuri kabisa. Linalonisikitisha ni mashauri yanayopokezanwa kati ya wavuvi bila kuchunguzwa, ambayo humfanya mtu aliyegharimika afungue sanduku jioni na kukuta maji vuguvugu na samaki aliyelegea.

Dhana: Sanduku zuri huongeza baridi

Sanduku haliongezi baridi hata kidogo. Kinachosafiri ni joto, nalo daima hutoka penye joto kwenda penye baridi; kazi ya ukuta ni kulichelewesha tu. Kila kilo ya barafu inapoyeyuka hufyonza takriban kilojuli 334 za joto huku ikibaki kwenye nyuzi sifuri za selisiasi, ilhali kilo hiyohiyo ikishakuwa maji hufyonza kilojuli 42 tu hadi kufikia nyuzi 10. Kwa hiyo akiba yote ya mvuvi imo katika kuyeyuka kwenyewe, na swali la kujiuliza kabla ya kukata ubao wa kwanza ni hili: kwa saa moja, joto kiasi gani litapenya kuifikia barafu yangu, na litapitia wapi?

Jambo hili lina matokeo ambayo wengi huyasahau. Sanduku lililoshinda juani, likiwekewa barafu asubuhi ya safari, hula sehemu ya barafu hiyo kwa kupoza kuta zake lenyewe. Liingize ndani ya nyumba usiku uliotangulia, uliwekee chupa mbili tatu za maji yaliyoganda, na uzibadilishe kwa barafu ya safari wakati wa kuondoka. Samaki naye huja na joto lake: kilo 10 za samaki waliotoka kwenye maji ya nyuzi 25 huyeyusha karibu kilo 3 za barafu kabla hawajafika nyuzi sifuri, hata kama kuta ni bora namna gani.

Dhana: Ukuta ukizidi unene, sanduku linazidi ubora bila kikomo

Tuchukue sanduku ambalo ndani lina urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kina cha 40, lililozungushiwa stairofomu kavu, nje kukiwa na wastani wa joto la nyuzi 25. Ukuta wa sentimita 2.5 utaruhusu joto la kuyeyusha takriban kilo 11 za barafu kwa siku. Ukifikisha sentimita 5, hasara hushuka hadi kilo 6 au 7. Ukiongeza tena hadi sentimita 10, utabakiwa na hasara ya kilo 4 hivi. Tazama mahali faida ilipo: sentimita 2.5 za kwanza za nyongeza zimeokoa kilo 4 au 5, ilhali sentimita 5 zilizofuata zimeokoa 2 au 3 tu, na sanduku limefura hadi sentimita 80 kwa 60 kwa 60, kiasi cha kutoingia nyuma ya gari dogo. Kwa safari ya siku mbili, mimi ningeshika sentimita 5 hadi 7 na kuzielekeza nguvu zangu kwenye viungo na kifuniko.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ina sharti: ukuta uwe mkavu na usiwe na mwanya.

Dhana: Chochote chepesi chenye vinyweleo kinafaa kujaza ukuta

Hapa ndipo masanduku mengi ya nyumbani yanapofia. Watu hujaza maranda, unga wa mbao, vipande vya sponji ya godoro au matambara, na siku ya kwanza sanduku hufanya kazi vizuri kweli, kwa sababu kinachozuia joto katika vitu hivyo ni hewa iliyotulia ndani yake. Tatizo ni maji. Maji hupitisha joto takriban mara 16 zaidi ya stairofomu, na sanduku la samaki halikosi maji: kuna barafu inayoyeyuka, kuna utelezi wa samaki, na kuna unyevu wa hewa ya nje ambao hupenya ndani ya ukuta na kugeuka matone unapokutana na upande wa baridi. Sponji ya godoro ina vinyweleo vilivyo wazi, hivyo huyanywa maji na kukaa nayo. Maranda yakilowa huoza. Baada ya wiki chache mwenye sanduku hulalamika kwamba limechoka, kumbe ukuta wake umejaa maji.

Tumia povu lenye vinyweleo vilivyofungwa: stairofomu ngumu iliyoshindiliwa vyema, au mabamba ya poliurithani, ambayo huzuia joto zaidi ya stairofomu kwa unene uleule. Kisha lizibe pande zote mbili. Wengi huziba upande wa ndani tu kwa kuhofia maji ya barafu, na kuuacha upande wa nje na nyufa, ilhali upande wa nje ndio unaoingiza hewa yenye unyevu. Rangi ya mafuta mikono miwili juu ya plaiwudi, pamoja na silikoni katika kila kiungo, ni kazi ya mchana mmoja.

Povu la kopo linalotumiwa kuzibia fremu za milango nalo hutegemewa kupita kiasi. Povu hilo hukauka kwa kutumia unyevu wa hewa. Ukilimimina kwa wingi ndani ya uwazi uliofungwa, sehemu ya nje hukauka na ya katikati hubaki bichi na kunata, halafu siku za baadaye huendelea kufura na kupinda plaiwudi hadi kifuniko kikatae kuketi. Limimine tabaka jembamba, lipe muda likauke, kisha uongeze. Lifaalo zaidi ni kulitumia kuzibia mianya kati ya mabamba, si kujazia ukuta mzima.

Dhana: Gundi ni gundi

Gundi ya viatu na nyingine zenye harufu kali ya kiyeyushi huila stairofomu. Utaona bamba likibonyea pale brashi ilipopita, kisha likiacha shimo lenye kingo zilizosinyaa. Resini ya poliesta inayotumiwa na mafundi wa faiba huleta madhara hayohayo. Resini ya epoksi haina shida hiyo. Gundi nyeupe ya mbao inatosha kushikiza bamba kwenye ubao, mradi uipe muda wa kukauka. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Dhana: Bati au karatasi ya alumini hurudisha baridi ndani

Karatasi ya alumini inayong'aa hurudisha mnururisho wa joto, na hufanya hivyo pale tu inapotazamana na nafasi ya hewa. Ikibanwa katikati ya plaiwudi na povu haina kitu cha kurudisha, na kazi yake hubaki kuzuia unyevu. Ili kupunguza joto la jua, paka sanduku rangi nyeupe kwa nje na liweke kivulini.

Bati lina hatari yake. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko stairofomu. Masanduku ya bati kama yale ya wanafunzi wa bweni yanaweza kuwa ganda zuri la nje, na bati jembamba laweza pia kuwa bitana ya ndani inayosafishika kwa urahisi, lakini bati la nje na bati la ndani yasigusane. Fundi asipoelezwa, hulikunja bati la ndani juu ya ukingo na kulipigilia kwenye bati la nje ili kazi ionekane nadhifu, na ukingo huo hugeuka njia ya joto inayozunguka sanduku zima. Ushahidi huonekana kwa macho: ukingo wa nje hutoka jasho. Mwambie akomeshe bati la ndani chini ya ukingo, na ukingo wenyewe uwe wa ubao au plastiki. Misumari mirefu inayotoboa ukuta hadi ndani hufanya kosa lilelile kwa udogo.

Dhana: Baridi hushuka, kwa hiyo kifuniko chaweza kuwa chembamba

Ni kweli kwamba hewa baridi ni nzito, na sanduku linalofunguliwa kwa juu hupoteza hewa kidogo kuliko lenye mlango wa ubavuni. Lakini joto linalopita ndani ya kifuniko halingoji hewa ipande. Isitoshe, kifuniko ndicho kinachopigwa na jua la adhuhuri. Kipe unene sawa na kuta, au zaidi.

Mwanya wa kifuniko unastahili uangalifu kuliko kitu kingine chochote katika sanduku hili. Raba ya mlango wa gari, inayopatikana kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, hufaa sana kwa sababu ina uwazi ndani na hubonyea kufuata ukingo usionyooka. Baada ya kuibandika, fanya majaribio mawili. Funga kipande cha karatasi kati ya raba na kifuniko kisha ukivute. Kikitoka bila kukwama, hapo pana mwanya. Usiku, washa tochi ndani ya sanduku, lifunge, uzime taa za chumba na kulizunguka polepole: penye mstari wa mwanga ndipo joto litakapopitia.

Dhana: Chumvi huifanya barafu idumu

Chumvi huishusha barafu chini ya nyuzi sifuri, hata kufikia 21 chini ya sifuri kwa mchanganyiko kamili, na hufanya hivyo kwa kuilazimisha iyeyuke haraka zaidi. Anayetaka barafu idumu asiinyunyizie. Isitoshe, nyama ya samaki huanza kuganda karibu na nyuzi moja chini ya sifuri, nayo ikiganda nusunusu hupoteza ubora wake.

Dhana: Maji ya barafu yasimwagwe, na samaki asigusane na barafu

Kwa soda na maji ya kunywa, maji baridi yaache, kwani ukiyamwaga hewa yenye joto huchukua nafasi yake. Kwa samaki mambo ni mengine. Akilala ndani ya maji yaliyochanganyika na damu na utelezi hulegea, na bakteria husambaa kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Weka bomba dogo la plastiki lenye kizibo kwenye kona ya chini, sakafu iinamie upande huo, na chanja ya plastiki iwainue samaki.

Kuhusu kugusana, barafu inayoyeyuka juu ya ngozi ya samaki ndiyo njia ya haraka ya kumpoza. Mtoe matumbo na matamvua, mwoshe, kisha mpange tabaka kwa tabaka na barafu iliyopondwa, ukikadiria kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Bonge kubwa hudumu zaidi ila hupoza polepole, kwa hiyo beba vyote viwili. Haraka hiyo ina sababu: samaki anayekaa kwenye nyuzi 10 huharibika takriban mara 4 upesi kuliko aliye kwenye nyuzi sifuri. Ndiyo maana friji ya mkaa, yaani kabati lenye kuta za mkaa uliolowanishwa maji, inayosaidia sana mboga na matunda, haimfai samaki, kwa kuwa uvukizi wa maji pekee haumfikishi karibu na sifuri.

Dhana: Friji mbovu ikilazwa chali ni sanduku tayari

Ina povu zuri na raba nzuri ya sumaku, lakini ujazo wake mkubwa hudai barafu nyingi mno kwa samaki wachache, na hufaa zaidi kambi ya watu wengi. Gesi iliyomo itolewe na fundi wa friji mwenye vifaa vya kuinasa kabla hujakata bomba lolote. Na ikiwa ni ya zamani yenye kitasa cha kujifunga, king'oe siku hiyohiyo inapoingia nyumbani, kwa maana mtoto akijificha ndani hawezi kuufungua mlango huo.