Seli T zilizofundwa upya, na kwa nini uvimbe wa saratani huzishinda

Seli T ni chembe nyeupe za damu zinazosaka seli zilizovamiwa na virusi na kuziua. Saratani huzikwepa kwa sababu imetokana na mwili wenyewe. Kuzifunda upya ni kuzipa kipokezi kipya, yaani protini ya kutambua shabaha, zimtambue adui ambaye zilikuwa zikipishana naye.

Damu ya mgonjwa hupitishwa kwenye mashine inayochukua chembe nyeupe na kumrudishia iliyobaki. Maabara, kirusi kilichoondolewa makali hutumika kuingiza jeni ya kipokezi ndani ya seli T. Huzalishwa hadi ziwe mamilioni, kisha mgonjwa hurudishiwa kwa dripu.

Kwenye baadhi ya saratani za damu njia hii tayari ni tiba iliyoidhinishwa: Marekani iliidhinisha ya kwanza Agosti 2017, kwa watoto na vijana wenye aina moja ya lukemia. Shabaha ni CD19, protini iliyo juu ya seli B, chembe nyeupe ambazo ndizo zilizogeuka saratani katika lukemia hiyo. Seli B zenye afya nazo hufa, lakini mtu anaweza kuishi bila hizo.

Uvimbe ndio mtihani. Protini zake nyingi zipo pia kwenye mapafu au moyo, na huwezi kumuua mgonjwa ili kuua saratani. Tena umezungukwa na tishu nzito. Seli T hupenya kwa taabu, kama ngalawa kwenye mizizi ya mikoko ya Mikindani. Zikifika ndani hukuta oksijeni haba na kemikali zinazozichosha. Watafiti sasa wanazifunda ziue pale tu zinapokuta alama mbili kwa pamoja.

Kwa sisi wa Mtwara na Lindi, tumaini ninaloliona karibu zaidi ni kwenye saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Karibu yote husababishwa na HPV, kirusi ambacho mabinti zetu wanachanjwa tangu 2018. (Kwa saratani hii seli T zilizofundwa bado ni majaribio, mama wa Newala au Kilwa asiyasubiri, aende akapimwe.) HPV huacha ndani ya seli ya saratani protini ya E7, ambayo seli zenye afya hazina. Shabaha safi namna hiyo ni adimu. Kwa kuwa imejificha ndani, hutumika kipokezi kinachotambua vipande vyake vidogo ambavyo seli huvitoa nje. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2021, wagonjwa 12 wenye saratani zinazotokana na HPV walipewa seli T zenye kipokezi hicho, na kwa 6 uvimbe ulisinyaa. Kwa baadhi ya waliobaki, saratani ilikuwa imeharibu njia ya kuvitoa vipande hivyo.