Damu nzito siyo damu iliyoganda

Nikiwa kwa kinyozi pale Kirumba, nilimsikia mteja mmoja akimweleza mwenzake kwamba sindano za testosteroni, homoni ya kiume, alizoandikiwa hospitalini zimemfanya "damu igande mwilini", na kwamba tangu aambiwe hivyo anameza aspirini kila asubuhi ili kuiyeyusha. Kauli ya namna hiyo nimeisikia mara nyingi mno hapa Mwanza, na safari hii nimeshindwa kuiacha ipite.

Kipimo kinachofuatiliwa kwa mtu anayetumia tiba hiyo huitwa hematokriti, yaani asilimia ya ujazo wa damu inayochukuliwa na chembe nyekundu. Kwa mwanamume mzima mwenye afya huwa kati ya 40 na 50 hivi. Testosteroni huongeza homoni ya figo inayouamuru uboho kutengeneza chembe hizo, na wakati huohuo hupunguza hepsidini, homoni ya ini ambayo kazi yake ni kubania madini ya chuma yanayohitajika kuziunda. Kwa hiyo kipimo hupanda, na kikizidi 54 miongozo ya tiba inataka dawa isimamishwe mpaka kishuke.

Jina lenyewe lina asili ya Kigiriki: "haima" ni damu, na sehemu ya pili inatokana na kitenzi chenye maana ya kutenganisha na pia kuhukumu. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na maana hizo mbili kukaa katika neno moja, kwa sababu kitenzi chetu "amua" kinafanya vilevile: tunaamua watu wanaopigana, na hakimu naye anaamua kesi. Mashine ya maabara huzungusha kijibomba cha damu kwa kasi hadi chembe nyekundu zikae chini na majimaji ya manjano yabaki juu, kisha mpimaji husoma kila upande umepata kiasi gani. Damu imeamuliwa.

Hakuna mahali katika kazi hiyo panapohusu kuganda. Uji mzito humiminika polepole, lakini bado ni uji; maziwa mgando yamekwisha kugeuka kuwa kitu kingine. Damu yenye chembe nyekundu nyingi ni kama ule uji: moyo huisukuma kwa taabu zaidi, na hatari ya bonge la damu iliyoganda kujitokeza hufikiriwa kuongezeka, lakini hatari ya jambo siyo jambo lenyewe. Aspirini hugusa chembe sahani, zile zinazoshikana kuziba jeraha. Haiondoi hata chembe nyekundu moja, na inaweza kumtoa mtu damu tumboni.

Wako pia wanaoshauri maji mengi. Kwa mvuvi aliyeshinda juani ziwani bila kunywa kitu ushauri huo una maana, kwa kuwa majimaji ya damu yake yamepungua na asilimia imepanda bila chembe kuongezeka, lakini kwa aliyeongezewa chembe na dawa, maji hayazipunguzi. Mtu huyo, daktari humpunguzia dozi, humgawia dozi ndogondogo kwa vipindi vya karibu, au humhamishia kwenye jeli ya kupaka, ambayo kwa kawaida hupandisha kipimo kidogo kuliko sindano. Tena humuuliza kama anavuta sigara, au kama hukoroma na kukatika pumzi usingizini, kwa sababu hayo nayo hupandisha. Damu huweza kutolewa pia, ingawa kuitoa mara kwa mara humaliza akiba ya chuma. Na kwa kuwa chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kipimo hakiwezi kushuka wiki ileile dozi ilipopunguzwa.

Bwana yule, ambaye sikumkatiza kwa sababu wembe ulikuwa shingoni mwangu, hangekosea kama angesema damu yake imekuwa nzito. Ila badala ya "imeganda" angetaja hematokriti yake ni asilimia ngapi, na habari ya aspirini angempelekea daktari aliyemwandikia sindano.