Haijaisha, Pua Yako Ndiyo Imechoka

Nauza manukato, na juzi nimerudishiwa chupa ya Cool Water iliyopungua kidole kimoja. "Kaka, hii feki. Nimejipulizia saa moja asubuhi, nafika Posta saa mbili hakuna kitu." Ni wa tatu mwezi huu. Naandika ili wa nne nimtumie linki tu, niendelee na chai yangu.

Cool Water ya Davidoff ilitoka 1988, kazi ya Pierre Bourdon, na mpaka leo ndiyo ninayompa kijana anayetaka kunukia kama katoka kuoga bila kuvunja kibubu. Ule ubaridi wa mwanzo unaletwa zaidi na dihidromirsenoli, kitu cha maabara chenye harufu kati ya ndimu, lavenda na sabuni ya kufulia. Drakkar Noir, manukato mengine ya kiume ya 1982, ilishakitumia. Ni chepesi, na kilicho chepesi huruka. Tena ni lazima kiruke: harufu iliyong'ang'ania ngozi itafikaje puani?

Tatizo letu watu wa Pwani ni udi. Kanzu ikifukizwa Alhamisi usiku, Jumamosi bado inanukia, basi kila unyunyu tunaupima kwa kanzu ile. Unataka ikae kama udi na ipepee kama ndimu. Chagua moja.

Lakini hata hilo si ndilo linaloniudhi. Kinachoniudhi ni mtu kuiamini pua yake mwenyewe. Jirani yangu anafuga kuku uani. Mgeni akiingia anaziba pua, yeye anauliza, "Harufu gani?" Pua ikikaa na harufu moja inaacha kuitaja. Nilijijaribu: mipulizo miwili kwenye mkono, mmoja kwenye shati, kabla ya kufungua duka. Baada ya saa moja na nusu nainusa, sipati kitu. Binti anayenisaidia akapita nyuma yangu: "Leo bosi umenukia." Mchana mkono ulikuwa umekwisha kweli, ila shati lilikuwa linanukia bado, ule mwisho wake wa miski na mbao. Kuna watu hawanusi baadhi ya miski kabisa, tangu wazaliwe. Hao nitawaambia nini?

Kwa hiyo usinunue kwa kunusa kizibo. Pulizia ngozini, acha spiriti iruke, nenda kazunguke Kariakoo nusu saa ndipo urudi. Usisugue. Aina tatu kwa siku zinatosha. Kahawa wanayokunusisha hapo katikati kwangu haijawahi kusaidia, nusa kiwiko chako. Na usiwe na imani kubwa na maneno eau de toilette (eti nyepesi) na eau de parfum (eti nzito) yaliyoandikwa kwenye chupa: hakuna sheria inayosema lazima iwe na asilimia ngapi ya mafuta ya harufu.

Sasa niseme ukweli. Feki zipo, na mimi sizitambui zote. Niliwahi kuchukua katoni nzima, nikauza wiki mbili kwa moyo mweupe, nikaja kushtuka nilipoweka chupa mbili sambamba na kuona rangi hazilingani. Wataalamu wa mtandaoni wanasema angalia namba iliyo chini ya chupa. Aliyeiga chupa, boksi na harufu atashindwa kuiga namba?

Kuna na wazee wangu wanaoapa kwamba Cool Water ya zamani ilikuwa kali zaidi. Wana hoja: moss ya mwaloni, kiungo cha harufu kinachotokana na kuvumwani wa kwenye miti ya mwaloni, kilichokuwa nguzo ya manukato mengi ya kiume, imebanwa na kanuni za Ulaya kwa sababu ya mzio. Ila aliyeinunua akiwa na miaka 20 sasa anakaribia 60, na pua nayo inazeeka. Kipi kimepungua zaidi, mimi siwezi kuapa.

Yule kaka wa Posta nilimpulizia shati, nikamtuma kwa wauza viatu wa mlango wa tatu. Akarudi baada ya dakika arobaini, wenyewe wakiwa wamemwambia ananukia. Akachukua chupa yake kimyakimya. Mlangoni akageuka: "Lakini kaka, udi huna?"