Kamera ya ukutani, mwendo wa kifaru: tuache kuisingizia mashine

Juzi imetokea tena. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa ameimaliza Resident Evil 2, gemu la kutisha la Capcom, katika toleo jipya la 2019, mara mbili, akaingiwa na hamu ya kuonja ile ya asili, ya 1998. Hata robo saa haikwisha, padi ikawekwa mezani. Kilichomshinda ni kamera iliyogandia ukutani na mwendo wa kifaru, kile kifaru cha vita: kishale cha juu kinampeleka mhusika anakotazama yeye mwenyewe, si juu ya skrini, na kushoto au kulia kunamgeuza palepale. "Kaka, hii haiongozeki. Mashine ilikuwa dhaifu, wakashindwa kuweka kamera ya maana, ndiyo wakatuachia hiki." Nilimjibu maneno mawili tu kwa sababu tulikuwa na kazi. Lakini hoja hiyo nimeisikia kwa watu wengi mno, tena wengine ni wapenzi wa kweli wa mfululizo huu, wanaoweza kukutembeza kasri zima la Spencer, lile la gemu la kwanza, wakiwa wamefumba macho. Leo naijibu kwa urefu ninaoutaka. Kazi yangu ni kuandika programu za kamera na mwendo wa wahusika, na mtu akisema "mashine ilikuwa dhaifu" anagusa kitu ninachokishika kila siku.

Kilicho kweli ndani yake nakitaja kwanza, haraka. PlayStation ya kwanza ilikuwa na memori kuu ya megabaiti 2 na ya video megabaiti 1. Resident Evil ilipotoka Machi 1996, Capcom wasingeweza kujenga kasri zima kwa poligoni, yaani vipande bapa vinavyounganishwa kuwa umbo la 3D, likapendeza vile. Wakafuata njia ya Alone in the Dark, gemu la Wafaransa la 1992: chumba ni picha iliyokwisha kuchorwa, na mhusika wa poligoni anatembea juu yake. Picha haizunguki. Ukitaka pembe nyingine, unaleta picha nyingine. Hapo ndipo kamera ilipogandia ukutani. Ukungu wa Silent Hill, gemu jingine la kutisha, la 1999, una asili ya namna hiyohiyo: mashine haikuweza kuchora mji hadi mbali, mji ukafunikwa. Toleo la HD la Silent Hill 2 lilipokuja 2012 ukungu ukiwa umepungua, wapenzi walilalamika, na walikuwa na haki. Kwa hiyo ufinyu wa mashine ulikuwepo. Hapo sibishi.

Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba basi ile kamera ni kasoro tu, na kila aliyepata uwezo aliitupa. Angalieni miaka. Resident Evil – Code: Veronica ilitoka 2000 kwenye mashine ya Dreamcast. Mandhari yake ni poligoni tupu, na mashine ile iliweza kumwekea mhusika kamera mgongoni kutwa nzima. Kamera zikabaki kwenye pembe zake, nyingine zikisogea taratibu kama ziko relini, na mwendo ukabaki wa kifaru. Mwaka 2002 Shinji Mikami, aliyeongoza Resident Evil ya kwanza, akaitengeneza upya kwenye mashine ya GameCube, yenye memori kuu ya megabaiti 24, mara kumi na mbili ya ile ya PlayStation. Akaleta tena picha zilizochorwa, tena kamera za ukutani, tena kifaru. Januari 2005, kwa mashine ileile, kampuni ileile na mwongozaji yuleyule, ikatoka Resident Evil 4 yenye kamera begani kwa Leon, mhusika wake mkuu. GameCube haikuongezwa nguvu kati ya 2002 na 2005. Kilichobadilika ni kile walichotaka mchezaji akihisi.

Sasa tuje kwenye kifaru chenyewe, maana hapa ndipo watu wanapochanganya zaidi. Wanaichukua kamera na mwendo kama kitu kimoja. Ni vitu viwili, na cha pili kilikuwa dawa ya cha kwanza.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilijenga korido moja, chumba kimoja, kamera mbili. Kamera ya koridoni iliutazama mlango. Kamera ya chumbani iliutazama mlango huohuo kutoka ndani. Niliweka mwendo wa kufuata skrini, yaani ukibonyeza juu mhusika anaelekea juu ya skrini, kwa sababu wakati huo niliamini kama anavyoamini kijana wangu, kwamba kifaru ni ukale. Nikabonyeza juu. Mhusika akaenda mlangoni, akavuka mstari wa kubadilisha kamera, kamera ikageuka nyuzi 180. Kidole changu kilikuwa bado juu, ila "juu" sasa ilikuwa ni kule alikotoka. Akageuka, akavuka mstari, kamera ya koridoni ikarudi, na "juu" ikawa chumbani tena. Akageuka tena. Akavuka tena. Alibaki anapiga danadana kwenye kizingiti, picha mbili zikipokezana kwa kasi hadi macho yakauma, mpaka nilipoachia.

Dawa ya kawaida ni kuhifadhi uelekeo wa zamani mpaka mchezaji aachie kidole. Inafanya kazi ukiwa unatembea kwa utulivu. Ukiwa unakimbizwa, kidole hakitulii: unaachia, unabonyeza, na palepale uelekeo unahesabiwa upya kwa kamera ambayo jicho halijaizoea. Unajikuta umekimbilia mikononi mwa zombi.

Halafu kuna hili ambalo sijaona mtu akilitaja, na ndilo linalonikera zaidi kwa sababu linahitaji dakika moja tu ya kufikiri. Padi iliyokuja na PlayStation haikuwa na vijiti vya analogi. Vijiti vilikuja 1997. Mwaka 1996 ulikuwa na vishale vinne, na ukibonyeza viwili kwa pamoja unapata pande nane basi. Kamera za kasri zimepachikwa kwa pembe za ajabu, kwenye dari, kwenye kona, chini karibu na sakafu, na korido kwenye skrini inalala mshazari kwa pembe ambayo haimo katika zile nane. Ukifuata skrini utasugua ukuta mwanzo hadi mwisho. Kwa kifaru unamnyoosha mhusika mara moja na korido, unashikilia kishale cha juu, na unapita kamera tano bila kugusa kingine. Aliyeandika mwendo ule alikuwa anajua anachokifanya.

Korido ya mbwa ya gemu la kwanza inaonyesha vizuri. Nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikiangalia kidole gumba changu badala ya skrini. Jill, mhusika ninayemwongoza, yuko mbali na kamera, madirisha yapo ubavuni. Juu. Hatua zinasikika. Kioo kinapasuka, mbwa yuko ndani, kamera inabadilika na kushoto kumekuwa kulia. Macho yanapotea kabisa kwa nusu sekunde. Lakini kidole hakijasogea, na Jill bado anakimbia kulekule. Jicho limepotea, mkono haujapotea. Hofu ya 1996 iko katika hiyo nusu sekunde, na ukiondoa kimoja kati ya kamera na kifaru inakufa. Mikami aliijua thamani ya mahali pale. Katika toleo la 2002 ukipita mara ya kwanza kioo kinapata ufa tu. Mbwa wanakuja baadaye, na aliyecheza la kwanza anapita koridoni mgongo umekakamaa akisubiri kitu kisichotokea.

Mnaotaka kupima wenyewe, chukueni toleo la HD la 2015 la hiyohiyo ya 2002. Lina mwendo wa aina mbili, wa kifaru na wa kufuata skrini. Ukiwa na kifaru, zombi aliyesimama katikati ya korido nyembamba ni hesabu: risasi ngapi zimebaki, je, nirudi nyuma, je, nipite nikubali kung'atwa. Ukiwa na ule mwingine, Jill anageuka papo hapo anakotaka, na zombi yuleyule unamzunguka kama nguzo. Hakuna kilichobadilishwa katika chumba wala katika zombi. Upana wa korido zile ulipimwa kwa mwili unaochukua muda kugeuka.

Na ndiyo maana Devil May Cry, iliyoanza kama jaribio la Resident Evil 4 kabla ya kuwa kitu chake chenyewe 2001, ikaachana na kifaru. Dante, shujaa wake, anatakiwa awe mwepesi, atambe. Gemu likibadilisha nia, na mwendo unabadilika.

Nije kwa wale wanaosema Resident Evil 4 "ilituokoa na kifaru". Ndugu zangu, mliicheza kweli? Ishikeni ile ya 2005 leo. Sukuma kijiti kushoto: Leon haendi kando, anageuza mwili palepale. Vuta nyuma: anarudi kinyumenyume. Inua bastola: miguu inaganda, hawezi kupiga hata hatua. Hicho ni kifaru. Wameitoa kamera ukutani na kuipandisha begani kwake, kwa hiyo mbele ya Leon na mbele ya skrini vimekuwa kitu kimoja, na ugeni umeisha. Mwendo haukubadilika hata kidogo. Kilichowasumbua siku zote kilikuwa kutokukubaliana kwa macho na mkono, mkakiita kifaru.

Na kijiji kile cha mwanzo kimejengwa juu ya miguu inayoganda. Wanakijiji wanakuja mbio, wakikaribia wanapunguza mwendo na kukusogelea taratibu, kwa sababu Leon hawezi kulenga huku anarudi nyuma, na wangekuja kwa kasi ileile mpaka mwisho usingekuwa na nafasi hata moja. Kila risasi ni uamuzi wa kusimama. Toleo jipya la 2023 limemruhusu Leon kutembea huku analenga, na ona walivyolazimika kulipia: maadui wakali zaidi, na kisu cha kukinga mapigo hadi msumeno wa moto, kisu ambacho nacho kinachakaa. Ni gemu zuri sana. Lakini aigusaye miguu amegusa kila adui katika kijiji, na waliolitengeneza walilielewa hilo kuliko wengi wanaolisifia.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe sina uhakika, na sitaki kulificha. Gemu dogo la kutisha ninalolitengeneza sasa nililipa mwendo wa aina zote mbili, nikawaita vijana sita wa mtaani kwetu, watatu kila upande. Wawili kati ya wale wa kifaru waliachia padi kabla mzuka haujatokea. Hawakuogopa, walichoka. Yule wa tatu aliruka kwenye kiti. Mtu akikunja uso huku akipambana na vishale, hiyo ni hofu au ni kero? Kwa nje vinafanana, na sijapata njia ya kuvitenganisha ninayoiamini.

Pia mimi nilijifunzia kwenye banda la gemu, tukilipia kwa muda. Wenzangu wote walikuwa kwenye mpira, na nilikuwa napewa mashine moja jioni banda likipwaya. Sikuwa na memori kadi, kwa hiyo kila siku nilianza upya mlangoni pa kasri. Kidole changu kilikwisha kuzoea kifaru kabla sijajua kuna mwendo mwingine. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya ninachokiita ufundi ni mazoea ya yule mtoto, na anayeanza leo hawezi kuyapata kwa robo saa. Hilo nampa kijana wangu. Udhaifu wa mashine simpi.

Nimeamua kubaki na kifaru, lakini nimeongeza kile kitufe cha kugeuka nyuma kwa mkupuo kilichokuja na Resident Evil 3 mwaka 1999, na chumba cha kwanza nimekiacha kitupu, bila adui, kwa ajili ya kidole kuzoea. Jumamosi vijana walewale sita wanarudi. Taa moja ya koridoni nimeizima, na kamera ya mlangoni nimeishusha hadi usawa wa goti.