Je, wajua kwa nini mgahawa uleule husifiwa na kulaumiwa siku moja?

Mmoja anasema pilau ya mama yule haina mpinzani Kariakoo nzima. Mwenzake, aliyekula palepale mchana uleule, anasema alipakuliwa wali mkavu wenye rangi ya pilau. Wanaowasikiliza huamua haraka kwamba mmoja wao ni mwongo, au ana undugu na mwenye mgahawa. Mara nyingi wote wawili wamesema kweli tupu. Sababu ziko kwenye sufuria, kwenye ulimi na kwenye kumbukumbu ya mlaji.

Tuanze na sufuria, maana ndiyo inayosahauliwa. Kwa mama lishe hakuna mizani wala kipimajoto. Kuna jiko la mkaa, mwiko na mkono uliozoea. Chakula huivishwa mara moja, kikauzwa kwa saa nyingi, na katika saa hizo zote kinaendelea kubadilika.

Chukua supu ya makongoro. Miguu na mishipa ya ng'ombe imejaa kolajeni, aina ya protini, ambayo ikichemka polepole kwa saa nyingi hugeuka jelatini. Hiyo ndiyo inayoifanya supu iwe nzito na midomo inate. Anayefika saa kumi na mbili asubuhi anaikuta imekaa sawa. Lakini sufuria haitoki motoni. Maji yanapaa, chumvi inabaki, na wa saa tatu anakunywa supu iliyokolea kuliko ya mwenzake wa alfajiri. Mpishi akiionja na kuona imezidi, anaongeza maji ya moto, kwa hiyo anayekaa kitini dakika kumi baadaye anapata supu nyepesi. Hao ni wateja watatu wa sufuria moja, na kila mmoja ataondoka na habari yake.

Pilau nayo ina mambo yake. Nyama, viazi na mafuta yaliyobeba viungo hupenda kukaa chini, na wali wa juu hukauka kila mfuniko unapofunuliwa. Mpishi mzuri hugeuza sufuria kabla ya kupakua, ila saa saba mchana foleni ikiwa imefika barabarani, upawa huchota panapofikika. Aliyepata sahani ya mwanzo na aliyepata ya katikati hawakula kitu kimoja, na wa mwisho kabisa huenda akawa na bahati kuliko wote: anakwanguliwa ukoko.

Kwenye chipsi mayai tofauti hutoka kwenye mafuta. Mafuta yanayokaa kwenye moto mkali kutwa nzima huvunjikavunjika, yakawa meusi, mazito na yenye povu, na chakula kinachokaangwa humo hunywa mafuta mengi zaidi. Isitoshe, mabanda mengi hukaanga viazi mapema, huviweka kwenye kabati la kioo, kisha huvirudisha kwenye mafuta mteja anapoagiza. Viazi vilivyokaa dakika kumi kabatini na vilivyokaa saa tatu haviwezi kuwa na ladha moja. Kwa hiyo mtu akikwambia banda fulani lina chipsi mbovu, swali la kwanza la kumuuliza ni alikula saa ngapi.

Sasa tuje kwenye ulimi. Mwaka 1931 Arthur Fox, mkemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani, alieleza jambo lililomtokea maabara. Alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo PTC, unga ukatimka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba mdomo umejaa uchungu. Fox, ambaye alikuwa karibu zaidi na unga huo, hakusikia chochote. Wakabishana, wakauonja wote wawili, na kila mmoja akabaki na jibu lake. Baadaye ikathibitika kwamba uwezo wa kuusikia uchungu ule hurithiwa kwa wazazi, na kwamba kemikali zinazofanana na hiyo zimo kwenye mboga za jamii ya kabichi, sukuma wiki ikiwemo. Basi Nairobi, kwenye kibanda kimoja, jirani yako anaweza kuisifia sukuma huku wewe ukiiona chungu, na hakuna mwenye makosa, hata mpishi.

Kachumbari yenye dania ni hivyohivyo. Wapo watu ambao jani hilo kwao lina harufu ya sabuni. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2012 uliihusisha hali hiyo na eneo la vinasaba vinavyohusika na kunusa. Mtu wa namna hiyo ataapa kwamba sahani haikusuuzwa vizuri, na ataapa kwa moyo safi.

Mazingira nayo yana mkono wake. Jaribio lililochapishwa mwaka 2011 nchini Uingereza liliwapa watu vyakula huku wamevaa spika za masikioni zenye kelele. Kelele zilipopanda, chumvi na utamu vilipungua mdomoni, lakini chakula kikaonekana kinavunjika vizuri zaidi kwenye meno. Fikiria sasa meza iliyo pembeni ya kituo cha daladala, honi zinalia, makonda wanaita abiria, redio ya jirani imefunguliwa hadi mwisho. Mchuzi uleule ungelipelekwa nyumbani kwa utulivu, ungeonekana umekolea zaidi.

Kwangu mimi, hata hivyo, kinachoamua zaidi ya vyote ni namna mtu anavyokumbuka. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwataka watu wazamishe mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine waliwarefushia kwa sekunde 30, na katika sekunde hizo maji yakapashwa kidogo hadi nyuzi 15. Walipoulizwa lipi wangekubali kulirudia, wengi walichagua lile refu, ingawa jumla ya maumivu yake ni kubwa zaidi. Kumbukumbu haikujumlisha, ilishika kilele na mwisho.

Na mwisho wa mlo kwa mama lishe ni upi? Ni kulipa. Umekula vizuri, samaki alikuwa freshi kutoka sokoni, pilipili ya kukaanga imekutoa jasho la raha, kisha unatoa noti ya elfu kumi kwa sahani ya elfu tatu na chenji hakuna. Unasimama juani dakika kumi na tano ukimsubiri kijana aliyetumwa dukani kuvunja noti, na saa ya kurudi kazini imeshapita. Jioni, ukiulizwa kulikuwaje, kinachokuja mdomoni ni chenji, na samaki amekwisha kusahaulika. Ndiyo maana ninaamini mama mwenye visenti vya kutosha kwenye kikopo chake anafanya kazi kubwa ya kulinda jina la mapishi yake, pengine kubwa kuliko anavyojua mwenyewe.

Tangu maoni ya walaji yahamie kwenye simu, kuna jambo jingine limeongezeka: sauti ya wa kwanza. Watafiti watatu walichapisha kwenye jarida la Science mwaka 2013 jaribio walilofanya kwenye tovuti moja ya habari. Maoni yaliyobahatishwa kupewa kura moja tu ya kuungwa mkono mwanzoni yaliishia na alama za juu kwa wastani wa asilimia 25 kuliko mengine. Wanaofuata walimfuata wa kwanza. Mgahawa mdogo ambao mtu wake wa kwanza kuandika alikuja siku mafuta yamechoka unaanza safari vibaya, na jiko lake halina kosa la kudumu.

Wanaoumia ni wadogo hasa. Michael Luca, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, katika utafiti wake wa mwaka 2011 juu ya migahawa ya jiji la Seattle, alikuta kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, tovuti ambayo wateja huipa migahawa nyota, iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na ongezeko hilo lilikuwa la migahawa inayojitegemea. Migahawa ya kampuni zenye matawi mengi haikutikisika, kwa sababu watu walikuwa wanaijua tayari. Asiye na bango kubwa wala tangazo anaishi kwa maneno ya waliokula kwake.

Na waliokula kwake wengi hawasemi. Anayeandika mara nyingi ni aliyefurahi kupita kiasi au aliyekasirika. Fundi wa gereji anayekula pale kila mchana, anayeandikiwa kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi, haoni la kuandika, maana wali maharage wa leo ulikuwa kama wa jana. Lakini yeye ameonja sufuria ya Jumatatu na ya Ijumaa, ya saa sita na ya saa tisa, siku mama yupo na siku amemwachia binti yake jiko. Ukifika mahali ugenini, muulize huyo kabla ya kuangalia nyota. Atakwambia siku ambayo samaki wametoka soko la Feri alfajiri na siku ambayo wamelala kwenye barafu, na atakwambia uje kabla ya saa saba.