Farasi dume wa nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukifuga farasi dume kwenye shamba la familia huku nyanda za juu za Bonde la Ufa, hutakosa washauri. Yupo mzee aliyechunga farasi wa mbio ujanani, yupo mtengeneza kwato, yupo jirani mwenye jike anayetaka apandwe bure. Mengi wanayosema ni kweli na tumefaidika nayo. Mengine yanaua mtoto wa farasi, au mama yake, au wote wawili, na hayo ndiyo nataka tuyaweke sawa. Dume wetu ana damu ya Kiarabu, watoto wa nyumbani wamekua wakimlisha karoti, na hakuna kati yetu asiyempenda. Lakini kumpenda dume ni jambo moja, na kuamua kama anafaa kuzalisha ni jambo jingine.

“Dume ndiye mbegu, jike ni mfuko tu”

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Mtu ana dume mzuri, basi anampeleka kwa jike yeyote anayepatikana, awe na miguu iliyopinda au hasira za kurithi, akiamini damu ya baba itafunika kila kitu.

Farasi ana kromosomu 64: 32 za baba, 32 za mama. Hapo hakuna mkubwa. Na mama huongeza jambo ambalo baba hawezi kuliongeza, yaani tumbo lenyewe, maziwa na malezi. Mwaka 1938 Walton na Hammond, watafiti wa Uingereza, walitoa matokeo ya kuwachanganya farasi wakubwa kabisa wa Shire na wale wafupi wa Shetland kwa uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu bila dume kumpanda. Mama alipokuwa Shire, mtoto alizaliwa mkubwa. Mama alipokuwa Shetland, mtoto alizaliwa mdogo mara kadhaa kuliko yule wa mama Shire, ingawa mchanganyiko wa damu ulikuwa uleule. Tumbo la mama ndilo lililoweka kipimo.

Wanaopinga hunitajia Darley Arabian, dume ambaye Thomas Darley alimnunua Aleppo mwaka 1704 na kumpeleka shambani kwao Aldby Park, Yorkshire. Ni kweli kwamba idadi kubwa mno ya farasi wa mbio wa leo, ukifuata mstari wa baba kwa baba, wanaishia kwake. Ila mwulize huyo msimulizi mstari huo ulipita wapi. Ulipita kwa Bartlett’s Childers, na mama yake alikuwa Betty Leedes, jike wa mfugaji mwingine wa Yorkshire. Jike huyohuyo ndiye aliyemzaa Flying Childers, bingwa wa mbio wa zama zake. Darley Arabian alipanda majike wengine pia. Anayekumbukwa ni huyu.

Kwa hiyo jirani akija na jike, sisi hutazama kwato, mgongo, meno na tabia yake kabla ya kuzungumza habari ya dume.

“Jike akishapandwa na dume mbaya, ameharibika”

Wapo wanaomkataa jike mzuri kwa sababu mimba yake ya kwanza ilitokana na dume duni, au hata punda. Imani hii ilipata nguvu Uingereza mwaka 1821, taarifa ya Lord Morton ilipochapishwa. Jike wake alikuwa amezaa na kwaga, jamaa wa pundamilia ambaye sasa ametoweka duniani. Baadaye jike huyo akapandwa na farasi wa kawaida, na watoto wake wakaonekana wana milia. Watu wakasadiki kwamba dume wa kwanza huacha alama tumboni.

Miaka ya 1890, James Cossar Ewart akalijaribu jambo hilo kule Penicuik, Scotland. Alipandisha majike kwa pundamilia dume, kisha kwa farasi. Watoto waliofuata walikuwa farasi tu, wala hawakuwa na dalili ya pundamilia. Ile milia miguuni na mabegani huwatokea hata watoto wa farasi ambao mama zao hawajawahi kumwona pundamilia. Jike wa aina hiyo hana doa lolote, mchukue.

“Dume ni mkali kwa asili, lazima afungiwe peke yake”

Dume ana nguvu na ana homoni, hilo sibishi. Mtoto wa nyumbani asiachwe naye peke yake hata siku moja. Lakini ukali mwingi tunaoulaumu ni wa kutengenezwa: dume amefungiwa bandani tangu utoto, haoni wenzake, anatolewa nje siku ya kupanda tu, halafu tunashangaa anauma. Farasi ni mnyama wa kundi. Huko Avenches, Uswisi, watafiti waliwaweka madume wa kuzalisha pamoja malishoni nje ya msimu wa kupandisha, bila jike karibu. Mwanzoni walitishana sana, baada ya siku chache wakatulia. Simwambii mfugaji mwenye uwanja mdogo aige hivyo kesho. Ninachosema ni kwamba dume anahitaji kuona wenzake, kutembea na kufanya kazi.

Sisi tunatumia hatamu mbili. Moja ni ya kumpanda na kumtembeza, nyingine, ya ngozi na yenye mnyororo, ni ya siku ya kupandisha peke yake. Akivikwa ya kwanza, hupita mbele ya majike bila kelele. Akivikwa ya pili, shingo inapanda juu palepale. Hata hapo anafundishwa kumsogelea jike kwa ubavuni, si kumjia moja kwa moja kwa nyuma. Ananusa, anainua kichwa, anakunja mdomo wa juu mpaka fizi zinaonekana. Jike ambaye hayuko tayari atarusha teke. Aliye tayari husimama imara, anaweka mkia kando na kukojoa kidogo kidogo. Joto lake huchukua siku 5 hadi 7 hivi, na yai hutoka kuelekea mwisho wake, kwa hiyo haraka ya siku ya kwanza haina faida.

Na wale wanaosema dume asipopanda ataugua: si kweli. Dume anaweza kuishi maisha yake yote bila kupanda na afya yake isipungue chochote.

“Baba mweupe, mtoto mweupe”

Wengi wa farasi tunaowaita weupe walizaliwa weusi, wekundu au wa kahawia, wakapata mvi mwaka hadi mwaka. Chunguza kuzunguka macho ya mtoto: nywele za mvi zikianza pale, kuna uwezekano mkubwa ataishia mweupe. Ukiwa na farasi wa namna hii, mpapase chini ya mkia kila mara anapozidi umri, maana uvimbe wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, huwapata sana.

“Damu safi haina ugonjwa”

Hapa ndipo mapenzi hutuponza. Dume ni mzuri, tunataka mfano wake, basi tunamrudisha kwa binti yake. Kila jeni mbovu iliyojificha inapata nafasi ya kukutana na mwenzake. Kwa farasi wa Kiarabu upo ugonjwa uitwao SCID, ambapo mtoto huzaliwa bila uwezo wa kujenga kinga. Anaonekana mzima, anacheza, kisha maambukizi yanamwandama na kwa kawaida hafikishi miezi mitano. Wazazi wake wote wawili walikuwa wazima, kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni hiyo. Wakikutana wawili hao, kila mimba ina uwezekano wa robo kuangukia hapo. Kipimo cha jeni kipo tangu 1997. Dume mwenye damu ya Kiarabu apimwe kabla hajapanda jike wa kwanza.

“Akizaliwa salama, kazi imekwisha”

Jike hubeba mimba miezi 11 hivi, lakini saa zinazofuata ndizo zenye hatari. Kinga ya mama haipiti kwenye kondo kwenda kwa mtoto, yote imo kwenye dang’a, yale maziwa ya kwanza. Mtoto asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya saa mbili, na kondo litoke ndani ya saa tatu. Utumbo wake huacha kupokea kinga hiyo baada ya siku moja hivi, na dang’a la kesho halifidii. Hata tuwe tumechoka vipi, hatuondoki zizini hadi tumeona koo la mtoto likimeza.

“Homa ikipita, dume yuko tayari”

Mbegu za farasi dume huchukua takriban siku 57 kutengenezwa. Homa kali ikizivuruga leo, athari zake unaweza kuziona wiki kadhaa baadaye, wakati dume mwenyewe anang’aa na kula vizuri. Dume wetu akipata homa, tunasubiri miezi miwili, daktari anazipima mbegu, ndipo tunapokea ada ya mtu.